Deni la Toleo Lililopita: Namna Resident Evil Ilivyobadili Sura na Mauzo Yake

Takwimu za mauzo ya michezo ya video husomwa mara nyingi kana kwamba ni hukumu ya wanunuzi juu ya mchezo uliotoka mwaka huo. Kwa michezo inayotoka katika mfululizo, yaani michezo kadhaa inayobeba jina moja, yenye wahusika wanaorudi na masimulizi yanayoendelezwa, idadi ya nakala zinazouzwa katika majuma ya mwanzo hueleza zaidi namna wanunuzi walivyoachana na toleo lililotangulia. Anayelipa siku ya kwanza hajaucheza mchezo anaoununua. Analipa kwa kumbukumbu ya ule aliokwisha kuucheza, na kampuni inayomuuzia inatumia akiba ya imani ambayo huenda iliwekwa na watu wengine miaka mitano kabla. Ndiyo maana swali linalozuka kila mara kampuni inapougeuza mchezo wake maarufu, kwamba je, mabadiliko yameongeza mauzo au yameyapunguza, haliwezi kujibiwa kwa kutazama toleo moja. Jibu lake limo katika toleo linalofuata, na wakati mwingine katika lile la tatu.

Mabadiliko yanayozungumzwa hapa ni ya namna mbili. Ya kwanza ni kuhama utanzu, na katika michezo ya video utanzu huamuliwa na kile ambacho mchezaji anakifanya kwa mikono yake kuliko hadithi anayosimuliwa, kwa hiyo hadithi ileile ya mji ulioshambuliwa na mazombi inaweza kuwa mchezo wa mafumbo, wa kupiga risasi au wa kupanga majeshi. Ya pili ni kutoa toleo la pembeni, yaani mchezo unaotumia jina na wahusika wa mfululizo bila kuingia katika hesabu ya matoleo makuu. Mfano wa toleo la pembeni unaotajwa kuliko yote ni Super Mario Kart wa mwaka 1992, ambamo Nintendo iliwapandisha wahusika wake wa kurukaruka kwenye magari madogo ya mashindano, nao ukazaa ukoo uliompita mzazi: Mario Kart 8 Deluxe wa mwaka 2017 umeuza zaidi ya nakala milioni 60, na Super Mario Odyssey, toleo kuu la mwaka huohuo kwa mashine ileile, halijafikia nusu ya mauzo yake. Mfano huo ni wa kweli lakini ni wa nadra, kwa kuwa Mario hajawahi kuahidi kitu kingine zaidi ya furaha nyepesi, na furaha nyepesi inahamishika kwenda popote. Mfululizo uliojengwa juu ya hisia moja mahususi hauna uhuru huo, na hakuna unaolionyesha jambo hili kwa uwazi kama Resident Evil.

Mchezo wa kwanza wa mfululizo huu, ambao nchini Japani huitwa Biohazard, ulitolewa Machi 1996 na kampuni ya Capcom yenye makao yake Osaka, ukiongozwa na Shinji Mikami, kwa ajili ya mashine ya PlayStation. Utanzu wake ukaja kujulikana kama mchezo wa kutisha wa kupigania uhai. Mchezaji hufungiwa ndani ya jumba kubwa lenye viumbe wa kuogofya, hupewa risasi chache na mfuko mdogo usiotosha kubeba kila anachokiokota, na hata kuhifadhi hatua aliyofikia humlazimu kutumia utepe wa taipureta ambao nao ni haba. Kamera zilifungwa pembeni mwa kila chumba, hivi kwamba mtu aliweza kuzisikia hatua za zombi kabla ya kumwona. Kila kanuni ya mchezo ilikuwa inamnyima mchezaji kitu, na kunyimwa huko ndiko kulikozaa hofu. PlayStation ilipokea toleo la pili mwaka 1998, likauza takriban nakala milioni 5, na toleo la tatu mwaka 1999, likauza takriban milioni 3.5.

Katika miaka hiyo Capcom ilifanya jambo la busara ambalo halisifiwi vya kutosha. Wazo la kuupeleka mtindo wa Biohazard katika Japani ya enzi za vita vya masamurai halikutolewa kwa jina la Biohazard, bali lilikuzwa likawa Onimusha: Warlords, uliotoka Januari 2001 na kuwa mchezo wa kwanza wa PlayStation 2 kuvuka nakala milioni moja nchini Japani. Hideki Kamiya, aliyeongoza toleo la pili, alikabidhiwa kazi ya kutengeneza la nne. Kazi yake ilipoanza kujaa mapanga, miruko ya angani na shujaa asiyeogopa chochote, wakubwa wake hawakuitupa wala hawakuilazimisha ivae jina lisiloifaa. Waliipa jina jipya, Devil May Cry, nayo ikauza zaidi ya milioni mbili. Kwa namna hiyo hamu ya watengenezaji ya kuhama utanzu ilitimizwa, wanunuzi wapya wakapatikana, na ahadi ya jina la zamani haikuguswa.

Yale yaliyobeba jina yalikuwa na bahati nyingine. Resident Evil Survivor wa mwaka 2000 uliiweka kamera machoni mwa mhusika, mchezaji akaona mikono na bunduki tu, na wahakiki wakaukaribisha kwa ubaridi. Jambo hilo linafaa kukumbukwa mbele ya safari, kwa maana kamera iyo hiyo ndiyo iliyokuja kuufufua mfululizo miaka kumi na saba baadaye. Dino Crisis, mfululizo pacha ulioanzishwa na Mikami mwaka 1999 kwa kuweka dinosaria mahali pa mazombi, unaonyesha upande wa pili wa jambo hilo. Toleo lake la kwanza lililotisha liliuza takriban milioni 2.4, la pili lililogeuzwa kuwa la kufyatua risasi bila uchungu likauza takriban nusu ya hapo, na la tatu, lililopelekwa anga za juu mwaka 2003, likaufunga ukurasa.

Hata hivyo, kurudia kanuni zilezile nako kulikuwa na gharama. Kufikia mwaka 2002 Resident Evil ilikuwa imechosha, na hali ikazidishwa na uamuzi wa Capcom wa kuupeleka mfululizo kwenye GameCube ya Nintendo, mashine ambayo katika maisha yake yote iliuzwa chini ya milioni 22, ilhali PlayStation 2 ilivuka milioni 150. Toleo la kwanza lililotengenezwa upya kwa uzuri mkubwa liliuza huko takriban milioni 1.35, na Resident Evil Zero milioni 1.25. Wengi huchukua takwimu hizo na kuziweka kando ya milioni 5 za mwaka 1998 ili kuthibitisha kwamba utanzu wa zamani ulikuwa umekufa, lakini ulinganisho huo si wa haki, kwa kuwa unapima mashine mbili zenye idadi tofauti kabisa ya wamiliki. Ulinganisho wa haki ni wa michezo iliyouzwa kwa wamiliki walewale.

Resident Evil 4, uliotoka Januari 2005 chini ya Mikami mwenyewe, unaruhusu ulinganisho huo. Kamera ilihamishiwa nyuma ya bega la shujaa, mazombi wazembe wakaondolewa na mahali pao pakachukuliwa na wanakijiji wa Hispania wanaokimbia, wanaozingira na kurusha mashoka, na risasi zikaongezeka. Ni mabadiliko makubwa kuliko yote yaliyowahi kufanywa na mfululizo huo kabla ya hapo, na wahakiki waliuweka miongoni mwa michezo bora ya wakati wote. Lakini kwa mauzo, nakala za GameCube zilikuwa takriban milioni 1.6, yaani juu kidogo tu ya mchezo wa mwaka 2002 uliofuata utanzu wa zamani kwenye mashine hiyohiyo. Ulipopelekwa PlayStation 2 miezi michache baadaye uliuza takriban milioni 2.3, pale ambapo Resident Evil Code: Veronica X, wa mtindo wa zamani, uliuza takriban milioni 1.4. Ongezeko lipo, ila si mlipuko ambao simulizi za baadaye hupenda kuutaja. Wanunuzi wa mwaka 2005 walikuwa bado wanalipa kwa kumbukumbu ya uchovu wa miaka mitatu nyuma.

Kilichoufanya mchezo huo usiisaliti hofu ni kanuni moja ndogo ambayo haikuondolewa katikati ya mageuzi yote hayo: shujaa hawezi kutembea huku akilenga shabaha. Anayetaka kupiga risasi husimama, na anayesimama huwaacha maadui wamsogelee. Mchezaji alipewa bunduki nzuri zaidi, akanyimwa miguu. Watengenezaji wengi wa Marekani waliiga ile kamera ya begani, na Gears of War wa mwaka 2006 ulikiri deni hilo waziwazi kupitia kwa wabunifu wake, lakini wachache waliona kwamba kunyimwa kule ndiko kulikokuwa moyo wa kazi.

Mavuno yakaja Machi 2009. Resident Evil 5 ulitoka kwa mashine mbili kubwa za wakati huo kwa siku moja, ukiwa umeongezewa uwezo wa watu wawili kucheza pamoja, na ukapata kuwa mchezo uliouzwa kuliko wote katika historia ya Capcom hadi mwaka 2018 ulipopitwa na Monster Hunter: World. Wahakiki waliusifu kwa kiasi, wakauona ni mwangwi wa toleo la nne lenye rangi angavu zaidi. Filamu fupi ya kuutangaza mwaka 2007, iliyomwonyesha mzungu akiwafyatulia risasi Waafrika katika kijiji duni, ilizua lawama kali na za haki. Msomaji wa Kiswahili ana sababu yake mwenyewe ya kuukumbuka: eneo la kubuni la Kijuju limewekwa Afrika Magharibi, lakini maadui wake wanaitwa Majini na wanapayuka kwa Kiswahili, ishara kwamba bara zima lilichukuliwa kuwa pazia moja la nyuma ya jukwaa. Pamoja na udhaifu huo wote, nakala ziliondoka kwa mamilioni, kwa sababu kati ya mwaka 2005 na 2009 mamilioni ya watu walikuwa wameucheza ule wa nne katika mashine moja baada ya nyingine na kuamua kwamba kitakachofuata watakinunua bila kuuliza.

Capcom iliyasoma mauzo hayo kinyume. Ilihitimisha kwamba watu walitaka vita zaidi, si kwamba walikuwa wanalipa deni la shukrani. Masachika Kawata, mmoja wa watayarishaji wa mfululizo, alieleza wazi mwaka 2012 kwamba soko la michezo ya kutisha lilionekana dogo mno likilinganishwa na lile la michezo ya vita kama Call of Duty, na kwamba kwa ukubwa wa jina la Resident Evil ilikuwa lazima kuelekea huko. Mwaka huo mmoja yalitoka matoleo matatu mapya. Resident Evil: Revelations ulikuwa wa pembeni kwa mashine ya mkononi ya Nintendo 3DS, wenye hofu ya zamani ndani ya meli. Operation Raccoon City, uliotengenezwa na studio ya Kanada, uligeuza mji wa mazombi kuwa uwanja wa vikosi vya askari. Oktoba ikaleta Resident Evil 6, toleo kuu lenye masimulizi manne sambamba, moja likijaribu kutisha, jingine likipigana vita vya mitaani, jingine likifukuzana na jitu lisilokufa, na la mwisho likipeleleza. Safari hii shujaa aliruhusiwa kutembea akilenga, kujiviringisha sakafuni na kupiga mateke apendavyo.

Capcom ilikuwa imetabiri kuuza milioni 7 za Resident Evil 6 katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2013. Utabiri ukashushwa hadi milioni 6, kisha hadi 5, na hesabu ya mwisho ikawa milioni 4.9. Kampuni yenyewe ilikiri katika taarifa zake kwamba mambo mapya yaliyojaribiwa hayakuwavutia wanunuzi vya kutosha. Inafaa kusisitizwa kwamba milioni 4.9 ndani ya miezi sita si fedheha kwa mchezo wowote. Nakala zile za mwanzo zilinunuliwa kwa akiba iliyobaki, na bei ilipopunguzwa miaka iliyofuata mchezo huo uliendelea kuuza hadi ukavuka milioni 9. Anayetazama safu yake peke yake katika orodha ya Capcom ya michezo iliyovuka nakala milioni moja anaweza kusema kwamba kuhama utanzu kulifaulu.

Gharama yake imeandikwa katika safu nyingine. Mbali na Umbrella Corps wa Juni 2016, toleo la pembeni la mapambano ya mtandaoni lililopita bila wachezaji kulijali, mchezo wa saba ulitangazwa mwezi huohuo na kutoka Januari 2017. Kiongozi wake, Koshi Nakanishi, ambaye aliwahi kuongoza Revelations, aliiweka kamera machoni mwa mhusika, akamfungia mtu wa kawaida asiye na mafunzo ya kijeshi ndani ya nyumba moja ya Louisiana pamoja na familia ya wauaji, na akarudisha uhaba wa risasi, mfuko mdogo na milango isiyofunguka bila ufunguo maalumu. Kwa sura, hakuna toleo kuu lililokuwa mbali zaidi na mwaka 1996. Kwa kanuni, hakuna lililokuwa karibu zaidi kwa miaka kumi na tano. Ulipokewa vizuri na wahakiki, lakini kufikia Machi 2017 ulikuwa umeuza milioni 3.5, chini ya lengo la milioni 4 na chini sana ya toleo la sita katika miezi yake ya kwanza. Mchezo mzuri ulilipishwa deni la mchezo mbaya. Hapo ndipo uzito wa makosa ya mwaka 2012 unapoonekana, wala si katika hesabu za mwaka 2012 wenyewe.

Kisha deni likalipwa polepole. Wa saba haukuacha kuuza. Ulivuka milioni 10 mwaka 2021. Toleo la pili lililotengenezwa upya kwa kamera ya begani lilitoka Januari 2019 na kuuza milioni 3 katika juma moja. Resident Evil Village wa Mei 2021 ulifikia idadi hiyo ndani ya siku nne, na wa nne uliotengenezwa upya, Machi 2023, ndani ya siku mbili. Michezo hii mitatu haikubaliani hata juu ya mahali pa kuweka kamera, lakini yote inamnyima mchezaji kitu anachokihitaji, na kasi ya mauzo yake inapanda kwa mpangilio uleule ambao imani ilirudi.

Mifululizo mingine inathibitisha kanuni hiyo kwa njia zake. Command & Conquer 4 wa mwaka 2010 uliondoa ujenzi wa kambi na uchimbaji wa madini, yaani shughuli yenyewe ambayo mashabiki waliipenda kwa miaka kumi na mitano, na hakuna toleo kuu lililofuata. Nchini Japani, mfululizo wa Yakuza uliacha ngumi za mitaani mwaka 2020 na kuwa mchezo wa mapigano ya zamu, ambamo kila upande hungoja nafasi yake. Ulibakiza ucheshi na huzuni ya wahusika wake waliotupwa na jamii, na toleo lake Infinite Wealth la Januari 2024 likauza milioni moja ndani ya juma la kwanza, kasi ambayo mfululizo huo haukuwahi kuifikia. Warcraft ndiyo habari nzito zaidi. Michezo yake ya kupanga majeshi ilizaa mwaka 2004 World of Warcraft, wa kuishi mtandaoni pamoja na maelfu ya watu, ambao mwaka 2010 ulifikia wanachama wa kulipia milioni 12. Kwa hesabu za kampuni ni ushindi usio na mfano, lakini tangu mwaka 2003 hakuna toleo kuu jipya la Warcraft la kupanga majeshi lililotolewa, na waliokuwa wameupenda kwa ajili hiyo waliachwa njiani.

Soko la hisa nalo limewahi kuuelewa vibaya uhusiano huu kati ya tawi na shina. Pokémon GO, mchezo wa simu, ulipotoka Julai 2016, bei ya hisa za Nintendo ilipanda kwa siku chache hadi takriban mara mbili, kisha ikaporomoka kwa zaidi ya asilimia 15 kwa siku moja kampuni ilipoeleza kwamba mapato yake yenyewe kutoka katika mchezo huo uliotengenezwa na Niantic yangekuwa madogo. Faida ya kweli ilipitia mlango mwingine: michezo ya zamani ya Pokémon ilianza kununuliwa tena, na matoleo makuu ya Novemba mwaka huo yakapokewa na umati ambao simu ilikuwa imewakumbusha kile walichokipenda utotoni.

Resident Evil Requiem, toleo kuu la tisa lililotangazwa Juni 2025 na kupangiwa kutoka tarehe 27 Februari 2026, limeandaliwa kwa namna ambayo mchezaji anachagua mwenyewe kati ya kamera ya machoni na ile ya begani. Capcom imeacha kubishana na wanunuzi wake juu ya kamera, na uamuzi huo ni sahihi. Msomaji atakayekutana na takwimu za juma lake la kwanza azisome kama stakabadhi ya michezo ya mwaka 2019, 2021 na 2023. Thamani ya Requiem yenyewe itajulikana siku ule wa kumi utakapoingia madukani.